Mashini ya studio inataka mizajuri, mi nataka amani

Bandugu, niko na matata na mashini. Si ile ya kusaga mahindi, ile ingekuwa afazali, ni ordinatere ya studio yangu ya muziki hapa Kamalondo, Lubumbashi, kale kachumba kenye nilibandika matrei ya mayai ku ukuta. (Najua, najua. Matrei ya mayai yanapunguza mwangwi kidogo tu, kelele ya inje hayazuii, njo maana ku albamu moja ya shorale kuko jogoo wa jirani, bantu banafikiri ni efe.)

Kila nikiiwasha asubui inaniletea ujumbe mukubwa unafunika ekra yote: wakati wa Windows 10 umeisha, hamia ku mpya, Windows 11. Njo mizajuri hiyo, kusasisha programu za mashini. Chini kuko mabutoni, ujulishwe zaidi ao ukumbushwe kiisha. Butoni ya "niache" habakuweka. Na kuhama kwenyewe ni magigabaiti, forfe yangu ya intaneti ya mwezi itaishia pale pale, halafu ikifika katikati delestaji, kukatwa kuran, inapiga, na ekra ilikuwa inakuambia "usizime mashini". Mi nizime? Ni commune nzima imezimwa!

Sasa wenye mashauri habakose. Mutoto wa yaya yangu, dada yangu mukubwa, anasoma informatiki, anakuja na sura ya daktari: "Mujomba, Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025. Ikitokea tundu jipya, hakuna mwenye atakuzibia bure milele. Ilitoka 2015, imezeeka." Miaka 10 njo uzee? Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco mwenyewe, mupiga gitaa, Hugh Tracey, ule wa kurekodi miziki ya Afrika, alimukuta 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, akamurekodi na gitaa yake moja, na mpaka leo bapiga gitaa ba dunia nzima banavunjika vidole kwa kumufuatilia. Mashini ya Tracey ilikuwa ya mukanda, inazunguka, inashika sauti, basi. Haikumuambia Mwenda angoja kwanza asilimia 37.

Lakini huyu mutoto hajui kazi yenye iko ndani ya hii mashini. Juma lililopita niko na bamama ba shorale, babanane mbele ya mikro, kila mumoja na kaske ku masikio. Bafa yangu, kale kapande ka sauti kenye mashini inashika kwanza mbele ya kuitoa, iko sampuli 128, kwa hezi 44,100 (sampuli za kila sekunde) ile ni kama milisekunde 3, mama anaimba anajisikia papo hapo. Ukiipandisha 1024 unafika milisekunde 23, na hapo hujahesabu kwenda na kurudi, mama anaanza kujingojea mwenyewe, anavuta, wimbo unalala, kiisha anatoa kaske ananiuliza kwa heshima yote, "Papa, nani ule anaimba nyuma yangu?" Ni weye, mama.

Kuipata ile 128 bila sauti kupasuka ilinitoa jasho. Nilizima programu zenye zinajiwasha zenyewe, nilikataza mashini isilaze matundu ya USB kwa kisingizio cha kubania kuran, karti ya sauti inakubali tundu moja tu la nyuma, upande wa kushoto, lile lenye nilibandikia plasta nikaandika USIGUSE. Na draiva yake, programu yenye inaiongoza, ni ya zamani, mupya haitatoka, sababu kampuni yenye iliitengeneza (sitaitaja) iliacha kuiandikia, ukienda kuuliza banakuonyesha picha ya karti mupya na bei yake. Sasa mizajuri inaingia usiku, inabadilisha draiva kwa mapenzi yake, inarudisha sauti ku kibafule kidogo cha ndani, inalaza USB tena, asubui bamama bako ku mulango na mabazin yabo, na weye uko chini ya meza na tochi ya simu ku meno.

Usiniambie nunua Mac. Mwenzangu wa Katuba iko nayo, 2019 alibonyeza Catalina, mizajuri ya Mac, bila kusoma, na Catalina haikubali hata programu moja ya biti 32, zile za mutindo wa zamani, ilitangazwa mapema kabisa lakini nani anasomaka? Plagini zake za zamani, viprogramu vya kutengeneza sauti, zikanyamaza zote. Zangu mimi zingine zilikuja ku flashi ya rafiki wa rafiki, ile tusiulizane.

Bon, mutoto alisumbua mpaka nikalegea. Nikasema tupime basi, tuone. Akaweka kile kiprogramu cha kupima, kikafikiri, kikafikiri, kikatoa jibu: mashini hii haistahili. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na ku Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, yangu ya 6. Unaona ubaya wa bantu? Kila asubui unanitongoza, siku nakubali unaniambia sina mahari!

Eti "Mujomba, kuko njia ya panya, ile kipimo inarukwa." Ku mashini yenye inalipa loyer? Panya apite kwake.

Nilifanya hivi: kwanza nilikopi diski yote ku diski ya inje, nikaifungia ku kabati pamoja na bidoni ya esansi ya gurupe ya kuran, hapana, esansi iko inje, bibi alipiga kelele. Waifai nikazima, kabo ya intaneti nikachomoa. Muziki ukiisha nautoa na flashi, ni simu njo inautuma. Kumebaki mulango mumoja tu wa virusi, ni maflashi ya bakliya, na zile ni hatari kuliko intaneti yote, siku moja prezida wa shorale alileta yenye folda zote zimegeuka njia za mukato. Sasa zinapita kwanza ku laptopu ya mutoto wa yaya, yenye iko mupya, mizajuri yote, inalindwa kabisa.

Jana huyo mutoto anakuja na bicheko bidogo, anataka kurekodi rap yake. Namuuliza na laptopu yako? Eti tangu mizajuri ya mwisho mikro haionekane.

Nilimulipisha bei ya inje. Ya familia iko inangoja mizajuri.