Kutoka Kakuma hadi Nairobi: gharama ya kuishi kwa jina la kuazima

Mkimbizi aliyekaa katika kambi ya Kakuma miaka mitano au kumi, akiwa na ufundi mikononi na watoto wanaokua, hufika mahali akajiuliza iwapo wakati umewadia wa kupanda basi kuja Nairobi. Swali hili huzungumzwa sana katika mitaa ya Kayole, Githurai na Eastleigh, ambako waliotangulia hupigiwa simu na waliobaki, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka mno: kule kuna chakula cha msaada, huku kuna kazi, basi chagua. Mimi naona hesabu hiyo imeacha nje kitu kizito kuliko vyote viwili, nacho ni jina ambalo mtu atalitumia kuishi akishafika mjini.

Tuanze na Kakuma yenyewe, maana wengi wetu Nairobi huizungumzia kana kwamba ni nyika tupu yenye mahema. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 katika eneo la Turkana, ilipowapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo ikijumlishwa na makazi ya Kalobeyei ina wakazi wapatao 300,000. Kwa hiyo hata kusema kwamba mtu anatoka huko “mashambani” ni mazoea tu ya ulimi wa mjini. Utafiti wa mwaka 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohusika na sekta binafsi, ulikuta maduka zaidi ya 2,000 na kulikadiria soko la Kakuma kuwa la takriban shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka. Anayeshona au kutengeneza simu kule hafukuzwi na mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi, na majirani wanamjua kwa jina lake. Joto, vumbi na laga ya Tarach, yaani mto wa msimu, inayofurika ghafla ni shida za kweli, lakini ni shida zinazowapata wote pamoja.

Hata hivyo, nguzo iliyoibeba hoja ya kubaki imepata ufa. Mwaka 2025, fedha za wahisani zilipopungua, mgao wa chakula ulikatwa sana, na baadaye familia zikagawanywa katika makundi kulingana na kile kilichodhaniwa kuwa uwezo wao. Wanaofikiri kwamba upungufu huo unamgusa mwenye njaa peke yake hawajaielewa biashara ya kambini. Kuanzia mwaka 2015 sehemu ya msaada ilitolewa kwa vocha za simu za Bamba Chakula, na vocha hizo ndizo zilizokuwa zikizungusha fedha: zikipungua, mwenye duka huuza kwa deni, mwenye deni hana pa kulitoa, na fundi aliyekuwa akishonea familia ya mwenye duka hukaa siku nzima akifukuza nzi. Msaada ulikuwa mtaji wa soko zima, na soko hilo likisinyaa, hata mtu mwenye bidii hujikuta akibanwa.

Hapo ndipo Nairobi inapovutia. Katika jiji lililohesabiwa kuwa na watu milioni 4.4 mwaka 2019, kuna mteja anayelipwa mshahara, na mteja huyo hulipa siku ile ile. Mshonaji mmoja kutoka Kivu Kusini, nchini Kongo, ninayemfahamu kwa kuwa ndiye hunipunguzia suruali, ana cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya duka la mwenzake huko Kayole. Mwezi wake wa kwanza alisema “batoto bangu”, Kiswahili cha kwao, mbele ya muuza mboga, na bei ya sukuma wiki ikapanda papo hapo. Siku hizi husema “watoi” kama jirani zake, na wateja humwita Mama Vitenge. Anakiri kwamba hapa anapata zaidi. Anakiri pia kwamba anabaki na kidogo, kwa sababu kodi humngoja tarehe tano, maji hununuliwa kwa mtungi, mafuta hupimwa kwa shilingi chache chache, na shule ya msingi, ingawa karo iliondolewa mwaka 2003, bado inadai sare na madaftari.

Lakini nilipomuuliza ni kitu gani kilichomuumiza zaidi, hakutaja kodi. Alifungua karatasi ya nailoni akanionyesha kadi yake ya mkimbizi, imekunjamana pembeni, akasema, “Kaka, hii najulikana nayo Kakuma. Hapa najulikana na watu.” Laini yake ya kwanza ya simu ilisajiliwa kwa jina la rafiki Mkenya, walipogombana, mwenye jina akaenda kuibadilisha, na akiba ya mwezi mzima ikaondoka naye. Chumba anachoishi kilikodiwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na leseni ya lile duka haina jina lake popote. Kwa maneno mengine, kambini alimtegemea mhisani ambaye angalau alikuwa na rejista, na mjini anawategemea wafadhili wadogo wadogo ambao wakikasirika hakuna ofisi ya kuwashtaki.

Utegemezi huu haukuletwa na jiji peke yake. Umelelewa na sheria. Desemba 2012 Serikali iliagiza wakimbizi wa mijini warudi kambini, na Julai 2013 Mahakama Kuu, kupitia Jaji David Majanja, ikalifuta agizo hilo. Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya Usalama Watch, ambapo maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imetambua haki ya kufanya kazi, na mpango wa Serikali uitwao “Shirika”, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi zigeuke miji ya kawaida. Hata hivyo, sharti la kuishi katika maeneo yaliyotengwa limebaki, na anayeondoka bila kibali hubeba hatari ya kukamatwa katika kila kizuizi cha barabarani.

Sheria hiyo hiyo ina mlango mwingine usiozungumzwa vya kutosha: mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kwa hiari kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za mwanajumuiya. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2022, mlango huo unawahusu Wakongomani pia. Kwa fundi anayetaka leseni yenye jina lake, ni fursa kubwa. Lakini ataishije kama mwanajumuiya bila hati za nchi ile ile aliyoikimbia, na nani atamkinga akitakiwa kurudi? Kwa aliyekimbia njaa na vurugu za jumla, pengine hesabu inakubali. Kwa aliyekimbia watu wanaomjua kwa sura, nisingethubutu kumshauri.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kila mwenye nguvu ahame, wala na wanaowabeza waliobaki kuwa wamezoea kulishwa. Mwenye ufundi unaouzika, kibali mkononi na mwenyeji aliyemjua kwa miaka ana sababu nzuri ya kuja. Mwenye mgonjwa wa kudumu, au mwenye rafiki wa juzi tu wa kumwazima jina, angesubiri, hata kama mgao umekatwa, kwa kuwa atakachopoteza mjini hakirudishwi na mtu yeyote.

Mshonaji wangu hakuchagua upande mmoja. Alimwacha binti yake mkubwa Kakuma, kwa dada yake, ili jina la familia lisitoke kwenye rejista. Kukitangazwa uhakiki, hufunika cherehani kwa turubai, huazima nauli, na kusafiri zaidi ya kilomita 700 kwa basi kupitia Kitale na Lodwar, akaweke kidole chake kwenye mashine na kuhesabiwa kuwa yupo.