Ilikuwa Inawaka Siku Niliyoinunua

Ilikuwa inawaka. Hilo naomba lieleweke mapema, ingawa mke wangu hunikumbusha kila asubuhi kama vile nimesahau.

Mzee aliyeniuzia ile pikipiki, Honda CG125, aliipiga kiki mara mbili tu, ikaitika. Siti ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, madigadi ya nyuma imeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea, tangi lina rangi tatu na hakuna hata moja iliyo yake. Lakini inanguruma! Nikampa hela zake, nikaipanda mwenyewe hadi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza na ya mwisho. Huu ni mwaka wa pili, na kitu pekee kinachotembea ni oili: inatoka uani mpaka sebuleni kwa miguu ya watoto.

"Baba Asha," mke wangu aliniambia siku ile ya kwanza aliponiona na spana, "si ungeiacha tu?"

Kuiacha! Pikipiki ya kale, ya heshima, iendelee kusikiliza umbea?

Niwaeleze kidogo habari za CG125 mjue ukubwa wa nilichokifanya. Ilianza kutoka mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walishagundua kwamba duniani kuna watu wanaopanda pikipiki bila kuihudumia: oili haibadilishwi, cheni haijui grisi, chujio la hewa husafishwa na mvua. Badala ya kuwagombeza, wakawaundia pikipiki ya kwao. Ile cheni ya ndani ya injini, inayoendesha valvu na kutaka kukazwa kila mara, wakaachana nayo, wakarudi kwenye vijiti vya kusukumia valvu, mambo ya zamani yasiyo na madai. Cheni ya nyuma wakaifunika bati zima isione vumbi. Silinda moja, ujazo wa cc 124, kila kitu kimepangwa kumvumilia mvivu.

Walimfikiria kila mtu asiyejali. Anayejali hawakumfikiria.

Nilianza na kifuniko cha injini. Nikachukua bisibisi yangu ya nyota, nikaitia kwenye skrubu ya kwanza, nikazungusha. Bisibisi ikapanda, ikaruka, ikaniachia tundu la duara pale palipokuwa na nyota. Ya pili vilevile. Ya tatu nikaikandamiza kwa uzito wangu wote, na uzito wangu si wa kuchezea, ikabaki laini kama kitovu cha mtoto. Nilipofika ya tano ndipo nikasoma kwamba nyota si moja. Tuliyoizoea ni ya Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hataza yake mwaka 1936. Wajapani wana ya kwao, inaitwa JIS, kifupi cha viwango vyao vya viwandani, na kwa macho huoni tofauti mpaka uwe umeshaharibu. Skrubu zao nyingi zina kidoa kichwani, kama chunjua, kukutahadharisha. Kidoa nilikiona. Nikadhani ni uchafu, nikakisugua kwa msasa.

Zilizobaki zilitoka kwa ile bisibisi ya kupigwa nyundo, ambayo ukiigonga inajizungusha yenyewe. Hiyo nampendekezea kila mtu, hata asiye na pikipiki. Inatoa skrubu na inatoa hasira.

Wataalamu wote husema: kabla hujafungua, piga picha. Nilipiga picha 27. Katika zote 27, dole gumba langu limetoka vizuri mno. Wakasema pia kila bolti iwekwe kwenye kifuko chake na kuandikwa. Mimi niliziweka kwenye beseni moja, nikijua nitazikumbuka kwa sura. Asha, mwanangu wa miaka sita, akazionea huruma, akazipanga: zinazong'aa huku, mbaya huku. Siwezi kumgombeza. Ndio mpangilio pekee uliowahi kuwepo katika kazi hii.

Likaja tangi. Ndani lilikuwa na kutu, na dawa ya kutu ya mtu asiye na haraka ni siki: unaimimina, unatia nati kadhaa, unatikisa. Siki inakula kutu, nati zinasugua. Nikatia nati ishirini, nikatikisa jioni tatu mfululizo huku nimelikumbatia tangi kifuani, mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza sherehe ni ya nani. Jioni ya nne nikamwaga. Nikahesabu. Kumi na tisa.

Nikahesabu tena. Kumi na tisa. Ya ishirini ipo mle ndani mpaka leo, ukisogeza tangi inakohoa.

Tena basi, siki ikishatoka unatakiwa kulisuuza tangi kwa maji ya magadi kuua asidi, ulikaushe upesi na kulipaka oili, maana chuma kilichovuliwa nguo hushika kutu mpya kabla hujamaliza kujisifu. Mimi nilikwenda kuoga kwanza. Niliporudi lilikuwa jekundu ndani kama koo la mgonjwa.

Sitaki hata kuzungumzia kabureta. Lakini nitazungumza. Kabureta ni kidude cha kutosha kiganjani, kinachochanganya petroli na hewa, na ndani yake mna jeti ya shaba yenye kitundu cha kupitishia petroli, ambacho ukikielekeza kwenye mwanga unaona kinukta, kama nyota ya mbali sana. Changu hakikuonyesha nyota. Kulikuwa na usiku mtupu, petroli ya zamani imegandia mle kama utomvu. Ilitakiwa kulowekwa dawa na kupulizwa upepo. Nikachukua sindano ya mke wangu. Shaba ni laini, wapendwa. Ukiichokoa na chuma, kitundu kinapanuka, na kikipanuka petroli inapita nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi, ile ya kutoa cheche, inaota masizi. Sasa nikikielekeza kwenye mwanga sioni nyota, naona mwezi.

Nimetaja plagi, basi niseme na hili. Kila anayepita getini kwangu ni fundi, na wote wana jibu moja. Ikigoma kuwaka: "Hiyo ni plagi." Breki ikikwama: "Umeangalia plagi?" Kuna siku injini nzima iko mezani, uani imebaki fremu tupu imeegemea ukuta, akaja mmoja, akainama, akaizunguka fremu mara mbili akitikisa kichwa, akasema, "Kaka, mimi naona plagi." Plagi nimeiangalia! Niliishika kwa mkono nikamwambia shemeji apige kiki tuone kama cheche ipo. Ipo. Nathibitisha. Siku hiyo kilichowaka uani ni mimi.

Mwenye akili angeirudisha ilivyokuwa, akanyamaza. Lakini ukikaa na pikipiki iliyofunguliwa muda mrefu unaanza kuota. Nikawa nasoma habari za vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960 waliokuwa wakikutana kwenye mkahawa wa Ace Cafe, pikipiki zimevuliwa kila kisicho na kazi, usukani umeshushwa, kifua kimelala juu ya tangi, wanatafuta maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Wengine walichomoa injini ya Triumph wakaipachika kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Mimi nina injini moja na fremu moja, zilizozaliwa pamoja, na nimeshindwa kuzikutanisha.

Nikasema lazima nami nikate mkia wa fremu, uwe mfupi kama wa kwao. Msumeno wa chuma, dakika arobaini, jasho mpaka machoni. Kipande kilipodondoka ndipo nikayaona yale matundu mawili ambayo siti hushikiwa, yamelala sakafuni yananitazama.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Hicho nacho kilikuwa hakina kazi?"

Nikamwambia ndio mtindo wenyewe. Na ili kumthibitishia, nikafunga ule usukani mpya wa chini, nikaweka mto wa sebuleni mahali pa siti, nikapanda. Kifua mbele, viwiko ndani, macho mbali. Mlio nikautoa mwenyewe kwa mdomo. Nikaweka gia mpaka ya nne, nikakata kona ya kulia, usukani ukanibana dole gumba kwenye tangi. Nikalia bila kushusha gia. Nilipotaka kuteremka mgongo ukakataa. Kasi yangu ilikuwa sifuri, na bado nilishushwa na watu wawili.

Mwezi uliopita injini ikarudi kwenye fremu, zikabaki washa tatu, zile pete za kukalia bolti, na springi moja ambayo kila nikiitazama nakosa usingizi. Zikabaki nyaya. Rangi za nyaya nilifundishwa na rafiki mwenye Yamaha. Kwake, mweusi ndio ethi, yaani waya unaofungwa kwenye fremu. Kwenye Honda ethi ni wa kijani, na mweusi ndio unaobeba moto ukishawasha swichi. Mimi nikauchukua mweusi nikaufunga kwenye fremu, nikaukaza kwa upendo. Fyuzi ya kwanza ikakatika. Ya pili ikakatika. Nikaona fyuzi za siku hizi hazina subira, nikaweka karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Hiyo haikukatika. Uliokatika ni waya, baada ya kuwaka kuanzia kwenye betri mpaka kwenye taa, na moshi ukaingia hadi chumbani.

"Baba Asha! Imewaka?"

Sikujibu.

Basi juzi nikapata wazo la busara. Yule jirani wa ukutani ana CG125 kama yangu. Haijawahi kuoshwa, oili sijui aliibadilisha lini, na kila asubuhi anaipiga kiki moja inaondoka, anapita getini kwangu ananipungia mkono. Nikamwomba aniachie Jumamosi na Jumapili, niitazame tu mpangilio wa nyaya zake. Kutazama, sio kugusa. Tumekaa ujirani miaka mingi, akanipa na funguo.

Sasa, nyaya za mbele za pikipiki hizi zimefungiwa ndani ya bakuli la taa kubwa. Huwezi kuziona bila kutoa kioo, na kioo kinashikwa na skrubu chache tu, na safari hii nina bisibisi sahihi. Nikazilegeza taratibu, moja, ya pili, kioo kikaachia, na nyaya zote zikaruka nje kwa pamoja kama utumbo, viunganishi vingine vikaachana palepale mbele ya macho yangu. Tangu jana nazirudisha. Haziingii. Nikisukuma za kijani zinatoka nyeusi, nikisukuma nyeusi linatoka fungu lingine nisilojua lilikuwa wapi. Nikaona huenda bakuli likitoka lote nitapata nafasi, nikalitoa. Ili litoke vizuri ikabidi nilegeze usukani.

Jirani anaihitaji kesho alfajiri, aendee kazini. Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni, na Asha ameshaleta beseni. Zinazong'aa huku, mbaya huku.