Jogoo wa Sadaka

Jumapili hiyo zamu ya kusoma somo ilikuwa yangu. Mithali 15, mstari wa kwanza: "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Nilisoma kwa mbwembwe zote. Hapo katikati nikanyamaza kidogo, nikatazama viti vya nyuma, maana kwa hesabu yangu wahusika walikuwa wamekaa huko.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada. Kama husali na sisi Walutheri wa Moshi, ni hivi: asiye na hela huleta alichojaliwa shambani, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, parachichi. Vinanadiwa pale uwanjani, fedha inaingia kwenye sadaka. Na watu wanaongeza bei kwa kupendana, wengine wananunua wakampa jirani. Ni jambo la heri kabisa. Mpaka atokee jogoo.

Alikuwa mwekundu, kilemba kimemlalia upande kama kofia ya mgambo, miguu imefungwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa akamnyanyua juu.

"Elfu 15!"

"Elfu 18," nikasema.

Katoto ka Sunday school kakaja mbio kutoka nyuma ya umati. "Kuna mama kasema 20!"

Nikapanda 23. Katoto kakaenda, kakarudi: 25. Nikasema 30. Kakarudi kanahema: 35. Mzee wa kanisa anafurahi, anamzungusha jogoo hewani, watu wanapiga makofi. Mimi masikio yanawaka moto. Jogoo wa elfu 20!

"Elfu 45!" Na kabla katoto hakajageuka, nikaongeza kwa sauti ileile ya kusomea Mithali: "Na huyo mama aliyejificha huko mwambieni, kama nyumbani kwake kuna njaa akakope, asije kutuharibia mnada!"

Watu wakacheka. Halafu wakacheka zaidi, kicheko cha namna nyingine, cha kufunika mdomo kwa kanga. Umati ukaachana katikati, nikamwona huyo mama. Ni mama watoto wangu. Ameshika pochi yake ya VICOBA.

Hakukunja hata uso. "Hakuna njaa, baba," akasema taratibu, uwanja mzima umenyamaza. "Wiki nzima unakohoa. Nilitaka nikupikie supu."

"Amina!" akaitikia bibi mmoja wa viti vya nyuma.

Ningefokewa ningejua pa kushika. Huo upole ndio ulionimaliza.

"Elfu 45 mara ya kwanza... ya pili... ya tatu! Msomaji wetu, Mungu akubariki, lete hela."

Nikatoa pochi. Nikahesabu. Nikahesabu tena, maana binadamu hakati tamaa. Ilikuwa elfu 31. Nikavuka uwanja mzima wa kanisa, jogoo kwapani, kwenda kwa yule mama aliyejificha, kukopa elfu 14.

Supu yenyewe sikuinywa. Mama watoto alisema jogoo wa bei hiyo hachinjwi, anafugwa. Watoto wakampa jina: Ghadhabu. Saa kumi alfajiri anawika chini ya dirisha letu, mimi nasonya, na mwenzangu ananigusa bega kwa upole.

"Baba, Ghadhabu yako imeamka."