BAM sio somo la kujazia, waambieni watoto ukweli

Wanafunzi wengi wa advance (form five na six) wanaamini kwamba ukishakomaa na combi yako, yaani yale masomo yako matatu makuu, haya masomo ya pembeni kama GS (General Studies) na BAM (Basic Applied Mathematics, hesabu ya wasiosoma Advanced Mathematics) hata ukila F haikuhusu. Kwa GS nakubali kwa sehemu kubwa, maana division inapangwa kwa masomo matatu ya combi na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa kozi nyingi wanaanza na principal pass mbili, yaani A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 kwa hesabu yao ambayo A ni 5 na E ni 1, GS haimo humo. Lakini BAM jamani ni habari nyingine kabisa na inaniuma kuona watoto wanaijua wakiwa wameshachelewa.

Mpwa wangu alisoma HGE (History, Geography na Economics), akapata B, B na C, division one ya pointi 7 (kwenye division pointi chache ndo bora), nyumbani tukapika pilau. BAM akapata F. Hakuna aliyejali hadi alipoanza kuomba kozi ya uchumi aliyoiota tangu form three, ndo tukasoma vizuri vigezo, pale baada ya principal pass kuna mstari mmoja unasema asiye na Advanced Mathematics awe na angalau subsidiary (S, ufaulu wa chini ya E) ya hesabu advance au C ya hesabu form four, na yeye form four alikuwa na D. Akakosa. Mwenzake wa darasa moja mwenye two ya 11 akachukuliwa kozi ileile, kisa alikuwa na S ya BAM, na S inaanzia alama 35 tu!

Nilipomuuliza walikuwa wanaisomaje, akaniambia kipindi kilikuwa Ijumaa mchana, mwalimu mwenyewe ndo huyohuyo wa Advanced Mathematics wa combi za PCM na EGM, amechoka, nusu ya darasa wako bwenini wanamalizia noti za Geography, na mwalimu alishawaambia msijichoshe, hii haiingii kwenye division. Hapo ndo hasira yangu ilipo. Ni kweli haiingii kwenye division, ila shule inatafuta one nyingi za kubandika kwenye bango la usajili, mtoto anatafuta chuo, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Mwalimu anayesema nusu ya ukweli kwa kijana wa miaka 18 anamuumiza.

Form four nako ni hivohivo. Division inachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo F ya Fizikia inaweza isionekane kabisa kwenye three yako, alafu unaenda kuomba diploma ya clinical medicine unakuta wanataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na hiyo Fizikia, na somo la dini ulilopata A halihesabiwi.

Vigezo vinatofautiana chuo na chuo, kuna wanaokubali D ya hesabu na kuna wanaotaka C, ndo maana kusikia tu kwa watu hakutoshi. Kile kitabu cha TCU chenye vigezo vya kila kozi kipo bure kwenye tovuti yao, mzazi kidownload mtoto anapoingia form five, tafuteni kozi tatu anazozitaka, msome neno kwa neno. Na ripoti ya muhula ikija usiishie kwenye yale masomo matatu, angalia BAM kapata ngapi.

Kwa ambaye ameshapata F, mimi siungi mkono kumsukuma aende kozi yoyote ili mradi yuko chuo. Dada yangu alitaka hivo, mpwa wangu akakataa na mimi nikasimama naye. Akajisajili kurisiti hesabu ya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani unafanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na dirisha la TCU hufunguliwa katikati ya mwaka, kwa hiyo muda upo.