Mapenzi baada ya hamsini ni kazi ya ofisi

Hivi nani alieneza huu uongo kwamba ukishavuka hamsini mapenzi yanakuwa mepesi, eti kwa sababu "sa hivi unajua unachotaka"? Najua ndiyo, na hapo ndo balaa lilipo. Kijana anataka mtu tu, awe anacheka na ananukia vizuri, basi imeisha. Mi nataka mtu asiyewasha redio alfajiri, asiyeniuliza swali kabla sijavaa miwani, na akubali kulala upande wa ukutani maana usiku safari zangu za chooni ni nyingi na sitaki kuruka mtu gizani. Mtu huyo hayupo. Na akiwepo naye ana orodha yake, mi nimo, kwenye vitu asivyotaka.

Watu wanakwambia ingia mtandaoni mzee, huko wamejaa. Haya mambo si mageni, Match.com, tovuti ya kutafuta wachumba, ilifunguliwa 1995, kwa hiyo wajanja wa rika letu walianza wakiwa bado na nywele. Mi nimeingia wakati Tinder, ile programu ya simu ya kutafuta wachumba, ilishaleta ule mtindo wa kidole, kulia umempenda kushoto umemkataa, sasa baada ya 40 lenzi ya jicho inakakamaa, ya karibu huyaoni, miwani umeisahau chumbani, unamkataa binadamu mzima umempenda yule aliyeweka picha ya mbwa. Na huko kila mtu ana miaka 49! Hamsini wameenda wapi jamani? Picha nazo ni zile za enzi za filamu, imepigwa picha upya kwa simu, mwanga wa flashi umemkaa kwenye paji la uso unabaki unapenda pua na kidevu.

Ukimpata anayekujibu haraka haraka usishangilie, anaweza kuwa yule "mhandisi" wa mitambo ya mafuta baharini. Mjane, anamcha Mungu, hawezi kupiga simu ya video kwa sababu kamera imeharibika siku zote, wiki mbili tu anakuita mpenzi wa moyo wangu, ya tatu mizigo yake imekwama anahitaji hela. Huyo mkimbie hata kama yeye ndo pekee aliyesifia kipara chako.

Basi mnakutana ana kwa ana. Zamani mlikuwa mnaongelea ndoto, sa hivi ni vidonge. Presha? Ninayo. Sukari? Bado. Magoti? Wee, usiniulize! Hapo ujue mambo yameanza kunoga.

Ila sehemu ngumu kuliko zote ni watoto, na hapa niacheni niseme. Unadhani umemtongoza mama mtu kumbe umeomba kazi, bodi nzima imekaa sebuleni inakuhoji. Nyumba unayokaa ni yako? Ulioa mara ngapi? Uliachana au ulifiwa? Binti yake mkubwa hakuuliza kitu, alikuwa ananitazama viatu tu. Nilipokuwa kijana nilimwogopa baba mkwe, leo namwogopa mtoto ambaye ningeweza kumzaa mwenyewe. Wa kwangu ndo usiseme, kijana wangu kaniita pembeni "baba, huyo unamjua vizuri kweli?", yeye ambaye wachumba aliowaleta hapa sikuwahi kumuuliza hata jina la ukoo maana nilijua mwezi ujao anakuja mwingine.

Haya, bodi imepitisha, sasa kumtunza. Sikio la mtu mzima linapoteza sauti nyembamba kwanza, herufi kama f na s zinayeyuka unabaki na a-a-a. Mwenzangu siku moja kasema kwa upole "nataka faraja", mi nikasikia talaka. Nikaanza kumjibu kwa hasira kabisa, hata hatujafunga ndoa! Ila koroma yangu yeye anaisikia vizuri mno, hiyo ni nzito haipotei.

Ndo tukakubaliana kila mtu abaki kwake tuonane wikendi, na wanafanya hivyo wengi tu wa umri wetu, mwenye nyumba yake anabaki na nyumba yake, watoto wa pande zote wanalala usingizi. Nikaona safi. Sasa mbona vitu vinahama peke yake? Ulianza mswaki, ikaja taulo, ukaja mto wake eti wangu unamuumiza shingo, nikiuliza ananiambia ni vya wikendi. Juzi kaja na mashine ya kupima presha kaiweka mezani upande wangu. Sasa tukibishana hanijibu, ananifunga ile mashine mkononi, inajaa upepo mi nasubiri, ikisoma juu ya 140 ananionyesha namba, "unaona, ungekuwa na hoja usingepanda hivi."