Mikono miwili, kaboni tatu

Jamani, nani aliamua kwamba fundi ana mikono mitano? Mota ya waipa ya Lucas 14W, ile inayoendesha vifuta kioo vya magari ya MGB na Mini za zamani, yenyewe haina ubaya. Kufungua ni skrubu chache na bolti mbili ndefu. Balaa ni kuirudisha. Ya spidi mbili ina kaboni tatu, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, kila moja na springi yake, zote zinasukuma kwenda katikati, na wewe unatakiwa kupitisha amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, hapo hapo. Ukifanikiwa, unaleta kopo la mota lenye sumaku ndani, nalo linaivuta amecha, kaboni zinachomoka tena, springi imeruka chini ya kabati. Mungu wangu!

Sasa nenda dukani ukaulize kifaa cha kushikilia kaboni. Utaangaliwa kama umeulizia ndege. "Nunua mota mpya tu, bosi." Mpya iko wapi? Na ikija kwa meli, bei yake inaweza kukufanya uendeshe masika yote kwa kuchungulia.

Kwa hiyo tunachonga wenyewe. Waya wa shaba, maana haunasi kwenye sumaku, umekunjwa ncha kuzuia kaboni, kisha unachomolewa taratibu. Kusafisha mifereji ya komyuteta, ile pete ya shaba ya amecha inayoguswa na kaboni, tunatumia kipande cha msumeno wa chuma kilichosagwa ubavuni. Na weka alama kwenye kopo kabla ya kulivua: likigeuzwa, mota inazunguka kinyume, ukaanze upya na zile springi.