Gramu 249 na swala ya Idi

Mzani wa jikoni ni mali ya mke wangu. Anapimia unga wa mahamri, na mimi ruhusa ya kuugusa sina. Jumamosi moja usiku, alipokwisha lala, niliutoa kabatini nikauweka mezani, nikaipandisha juu yake droni yangu mpya: betri ndani, memori kadi ndani, mapanga yake ya kurukia yamekunjwa. Ukasoma 248. Nikaiinua, nikairudisha. 249. Nikacheka peke yangu kama mwizi aliyekuta mlango umerudishwa tu.

Kwa msiojua kilichonichekesha: hapa Marekani, droni ya kujifurahisha yenye uzito wa chini ya gramu 250 haisajiliwi. Ikifika 250, mpaka kilo 25 hivi, unaingia kwenye tovuti ya FAA, mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa anga, unaandika jina na anwani, unalipa dola 5 na unapewa namba ya miaka mitatu ya kubandika kwenye droni. Usiposajili na ulipaswa kusajili, faini inaweza kufika dola 27,500, na ikigeuka kuwa kesi ya jinai, dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka mitatu. Watengenezaji hawakulala. Kampuni ya droni ya DJI walipotoa Mavic Mini mwaka 2019, uzito wake ulikuwa gramu 249. Kuna mhandisi mahali alilipwa mshahara kwa ajili ya hiyo gramu moja.

Nilikuwa nikidhani 250 ni namba iliyookotwa mezani. Kumbe ina hesabu yake. Mwaka 2015 FAA waliita kamati ya wataalamu na watu wa viwanda, wakauliza: kitu kikianguka kutoka juu kikampiga mtu kichwani, kuanzia wapi kinaua? Wakachukua joule 80, yaani nishati ya pigo ambayo waliihesabu kuwa na uwezekano wa asilimia 30 wa kuua, wakairudisha kwenye kasi ya kitu kinachoanguka, na uzito ukatoka gramu 250. Kwa hiyo mstari ule ni kipimo cha kichwa cha mtu. Tangu nijue hivyo, kila nikiona tangazo la gramu 249 naona fuvu limesimama upande wa pili wa mzani.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la vijana wa pwani tulioko Houston, hoja haikuwa fuvu. Ilikuwa jina. "Usijipeleke mwenyewe serikalini," aliandika mmoja, na wengine wanne wakampa dole gumba. Naielewa hofu hiyo, wala siicheki. Mtu aliyekaa miaka saba akisubiri karatasi zake amejifunza kwamba kila fomu ni mlango, na hajui nyuma yake kuna nani. Wengine walisema hawaruhusiwi hata wakitaka, kwa kuwa si raia. Hilo si kweli. Asiye raia wala mkaazi wa kudumu anaweza kujaza fomu ileile, ila kwake FAA wanahesabu kile cheti kuwa utambuzi wa umiliki tu, si usajili kamili wa chombo cha anga cha Marekani. Mtu asiyaache mambo kwa kusikia.

Na wanaogoma kusajili si sisi wahamiaji peke yetu. Sheria ilipoanza Desemba 2015, mwanasheria mmoja mpenda droni, John Taylor, aliishtaki FAA. Alisema Bunge la Marekani lilikwisha kuikataza mamlaka hiyo mwaka 2012 isitunge kanuni mpya kwa ndege za kuchezea. Akashinda. Mei 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ilifuta usajili kwa wapenda burudani, na hukumu iliandikwa na Brett Kavanaugh, yuleyule aliyepanda baadaye Mahakama ya Juu. FAA wakawa tayari kuwarudishia watu dola zao tano. Kabla mwaka haujaisha, Desemba, Bunge likaurudisha usajili kwa kipengele kimoja ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi. Dola tano zikaanza safari upya.

Hoja iliyonikamata mimi ni nyingine. Droni iliyosajiliwa lazima itangaze, muda wote iko hewani, namba yake ya utambulisho, mahali ilipo, na mahali aliposimama mwenye rimoti. Wanaita Remote ID. Utekelezaji wake ulianza kwa ukali Machi 2024. Jina lako halitangazwi, hilo wanalo FAA na vyombo vya usalama. Lakini mtu yeyote mwenye programu kwenye simu anaweza kuona kuwa rubani yuko chini ya mti ule, kando ya choo cha bustani. Mimi ni mtu mweusi mwenye ndevu, nasimama peke yangu bustanini nimeshika kitu chenye antena. Sihitaji kueleza zaidi. Na ukisajili kwa hiari droni ya gramu 249 ambayo haikulazimika kusajiliwa, umejitia mwenyewe kwenye sharti hilo. Wanaosema "sajili tu, dola tano ni nini" wanaliruka hili, na hapa ndipo palipo na uzito.

Basi nikaamua: sisajili. Nikafanya ule mtihani wa TRUST, wa bure, wa mtandaoni, ambao kila mrusha droni wa burudani anapaswa kuufanya, hata wa gramu 249. (Wengi hawajui. Wanadhani chini ya 250 ni nchi isiyo na mwenyewe. Mpaka wa kutopita futi 400 juu ni wako pia, kuiona droni kwa macho yako ni sharti lako pia, na ukikaa karibu na uwanja wa ndege wa Hobby kama mimi, ruhusa ya anga unaiomba kwenye simu kama mwenye lidude la kilo nne.) Miezi mitatu nikaruka nilivyotaka. Siku moja upepo uliichukua ikatua kwenye mfereji wa paa la jirani. Mzee wa watu akapanda ngazi, akaitoa, akagonga milango minne kabla ya kufika kwangu. Siku ileile nikaiandika namba yangu ya simu ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Hata namba ya FAA isingemsaidia yule mzee, maana rejista haifunguliwi kwa umma.

Halafu ikaja Ramadhani, na katika siku za mwisho, baada ya tarawehe, mzee mmoja wa kamati ya msikiti akanishika mkono.

"Mwanangu, kile kidude chako kinachoruka. Idi tunaswali uwanjani. Tupigie picha ya juu, safu zote zionekane, tuiweke kwenye ukurasa wa msikiti."

"Inshallah, mzee wangu," nikasema, na nilikuwa na furaha. Nani asingependa? Safu kwa safu za kanzu nyeupe, kofia za vito, buibui upande wa pili, watoto wanakimbia katikati. Picha hiyo ningeituma Mombasa wakaiona.

Usiku nikaenda kusoma. FAA wameeleza burudani ni nini kwa macho yao: ni kuruka kwa raha yako wewe. Si lazima ulipwe ndipo utoke nje ya burudani. Ukimpigia shule picha za mpira kwa ajili ya tovuti yake, si burudani. Ukijitolea bure kwa shirika lisilo la faida, si burudani. Hisani nayo wanaihesabu malipo. Msikiti ni nini? Na ukitoka kwenye burudani, ule msamaha wa gramu 250 unayeyuka. Droni ya uzito wowote inasajiliwa, moja moja, dola 5 kila moja, na wewe mrushaji unahitaji cheti: mtihani wa maswali 60, alama 70 kwa mia, ada ya dola 175.

Nikakaa kimya mbele ya mzani wangu wa kuiba. Nilikuwa nikipima kitu kisichotakiwa kupimwa. Droni haijabadilika hata gramu, kilichobadilika ni kazi niliyoitwa kuifanya. Nikijisema kweli, mimi nitaitwa tu. Jamii yetu haina mtu mwenye kamera asiyeitwa. Leo Idi, kesho harusi ya mtoto wa dada, keshokutwa mwenye duka la halali anataka paa lake lionekane. Anayeruka shambani peke yake na mwanawe, na hataitwa na mtu, kwangu mimi asisajili na alale usingizi. Mimi si mtu huyo, wala wengi wetu si watu hao, hata tukipima mara ngapi.

Basi nikahakikisha kwanza kuwa droni yangu ina uwezo wa kutangaza, nikalipa dola tano, nikachapa namba kwa herufi ndogo na kuibandika nje, maana tangu Februari 2019 hairuhusiwi kufichwa kwenye tumbo la betri. Kwa udadisi nikaipima tena na ile karatasi juu. 249. Nikaivalisha vile vikinga vya mapanga, visimkate mtu nikiruka juu ya watu: mzani ukapita 250 mbio. Hapo ndipo utakapochoka. Ili uruke juu ya vichwa vya watu kwa daraja jepesi kabisa la kanuni, droni isizidi gramu 250, tena mapanga yake yasiweze kukata ngozi. Ukivitoa vikinga inakata, ukivivaa imezidi.

Ndugu walioniuliza kama namba hii itanisaidia nikienda nayo Kenya likizo: haisaidii. Kule kuna kanuni za mwaka 2020 na mamlaka yao ya usafiri wa anga, KCAA, na kibali cha kuingiza droni unakitafuta kabla hujapanda ndege. Yangu itabaki Houston.

Mtihani bado, nimeuweka mwezi ujao. Nikamwendea mzee wa kamati nikamweleza yote, joule na daraja na cheti, pale mlangoni, watu wanavaa viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwaka huu haiwezekani."

"Mwaka huu haiwezekani, mzee wangu. Nisamehe."

Akatazama paa la msikiti, kisha akanitazama mimi.

"Ngazi tunayo," akasema. "Uje na simu yako imejaa chaji."